Kila Kitu Kiko D

Jumatatu, 16 Juni
Kompyuta ya kibanda changu cha uchapaji imeganda mara sita kabla ya saa nne. Wateja wawili wamebeba karatasi zao, wakavuka barabara kwenda kwa Meshack, mchapaji mwenzangu. Ametundika bango: HAPA TUNATUMIA LINUX, HATUNA VIRUSI. Limechapwa vibaya. Nimeamua. Nitang'oa Windows na kufunga Linux wiki hii, na Gungu yote itajua Castory ni nani.

Jumanne, 17 Juni
Nimeshusha Linux mtandaoni, nimeiweka kwenye flashi. Nikamuuliza Meshack, kwa niaba ya ndugu yangu mmoja, nini kinafuata. Akasema ndugu ahifadhi kwanza kazi zake kwenye diski ya nje, kisha aigawe diski ya kompyuta, nusu Windows, nusu Linux. Akataka hata kumwazima ndugu diski yake. Nimekataa kwa adabu. Anataka kuchungulia kazi za wateja wangu! Mjini shule.

Jumatano, 18 Juni
Amepita Mama Veneranda, mwenyekiti wa wakausha dagaa wa Kibirizi. Katiba ya kikundi chao, kurasa kumi na nne, nimeichapa mimi. Ijumaa saa nne lazima iwe kwa afisa wa usajili, la sivyo wanawake thelathini wasubiri mpaka mwakani. Nikamwambia alale usingizi. Alipoondoka nikahamisha kila kitu kutoka diski C kwenda diski D. Ndiyo kanuni ya kazi hii, nilifundishwa Ujiji: C hufa, D haifi.

Alhamisi, 19 Juni
Nimechomeka flashi. Kugawa diski kunataka hesabu. Chini yake kuna njia fupi: futa diski yote, funga Linux. Na onyo refu. Nimelisoma nusu. Diski ni hiyo C, nikawaza, D ni nyingine. Nikabonyeza.

Dakika ishirini tu! Inang'aa, haigandi. Nikavuka barabara kuringa. Nikarudi kufungua D.

Hakuna D. Nimetafuta hata kwenye kapu la taka. Meshack amekuja, akaeleza bila kucheka kwamba C na D ni vyumba viwili vya nyumba moja, nami nimebomoa nyumba. Nimeogopa. Sana.

Ijumaa, 20 Juni
Saa moja asubuhi Mama Veneranda mlangoni. Mwakeye, akanisalimu kwa Kiha. Nikaitikia kwa shida. Nikamweleza kuhusu virusi vikali vinavyozunguka mjini. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa daftari kwenye kanga, katiba nzima kwa mkono wake, ina magamba ya dagaa. Akasema mashine hajawahi kuiamini. Akafikiri kidogo, akaongeza kwamba hata mimi.

Akasoma, nikachapa. Meshack akapiga picha kurasa saba za mwisho, akaenda kuzichapa kwake bila kuombwa. Imeniuma kuliko kufutika kwa D. Saa nne kasorobo mama akapanda bodaboda na katiba yake. Alimshukuru Meshack kwanza.

Jumapili, 22 Juni
Kikundi kimepokelewa. Nimetulia, nimetafakari, kosa nimeliona. Linux haikuja na D! Nimeigawa diski mwenyewe, sehemu moja nimeiita D, kwa herufi kubwa. Katiba imo. Kazi zote mpya zimo.

Jioni Frida, mwalimu wa kwaya ya Bangwe, ameniletea kompyuta yake ya mkononi niifungie Linux kesho. Ina nyimbo za miaka tisa, hazipo kwingine popote. Ameuliza mara mbili kama ziko salama. Nimemwambia asihofu, humohumo ndani nimeshazihamishia D.