Nusu ya Samaki wa Bwana Faili

"Hivi humo ndani ya faili mna nini hasa?" jirani yake, fundi cherehani, alimuuliza siku moja.

"Mna serikali," akajibu Bwana Faili, akapita zake.

Mlikuwa na gazeti kuukuu na kitana. Lakini faili likikaa vizuri kwapani, mwenye nalo hufunguliwa mlango na kuvutiwa kiti, na Bwana Faili alikuwa amekalia viti vingi vya watu.

Riziki yake mpya aliikuta kwa mtu wa fotokopi. Mteja fulani alisahau karatasi ndani ya mashine: kibali halali cha kufuga samaki kwenye eneo la mikoko. Na wiki hiyo kila mtu alijua kwamba maafisa wa mazingira wanapita kukagua, na bwawa lisilo na kibali litafukiwa. Bwana Faili akatoa nakala mbele na nyuma, akafuta jina la mwenyewe, akaketi uani na wembe, akakata kipande cha duara kisiginoni mwa ndala yake, akakichonga kikawa mhuri. Ulitoka mzuri kuliko wa ofisi. Upande wa nyuma wa karatasi hakuusoma. Mwizi wa kuku haulizi umri wake.

Akaanza na mama mmoja mjane. Marehemu mumewe alimwachia bwawa. Uzee ukamwongezea magoti mabovu mawili.

"Mama yangu, nimetumwa kukuokoa," alisema, akiisha kuvutiwa kiti. "Kibali hiki hapa. Kimebaki jina lako na shukrani kidogo."

Mama akavaa miwani, akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Alipofika chini akageuza.

"Huko nyuma ni maneno ya kawaida tu, mama."

"Mwalimu wetu wa darasa la nne alisema karatasi ina pande mbili, kama binadamu." Kidole kikatembea, kikasimama. "Sharti la saba. Mwenye bwawa atapanda miche mia sita ya mikoko kulizunguka, na afisa aliyetia saini atashiriki upandaji hadi mche wa mwisho. Saini hii ni yako, mwanangu?"

Bwana Faili akalikaza faili kwapani. "Ni yangu."

"Mungu hamtupi mja wake. Magoti haya yangepanda mingapi? Fedha sina, lakini sisemi uongo: ukimaliza, nusu ya samaki wote waliomo bwawani ni yako. Naandika na kusaini."

Bwana Faili akachungulia dirishani. Maji ya mikokoni ni meusi, hata mwewe haoni ndani. Povu moja likapanda, likapasuka. Yeye akaona kambale wa kilo tano, akaona hoteli zikimgombania. Akavua koti.

Siku tatu alichomeka miche topeni. Siku ya kwanza tope lilimeza kiatu chake cha kushoto na halikukitema. Siku ya pili kaa alimshika kidole gumba, wakavutana kama wanaogombea urithi. Mama aliketi kigodani chini ya mwavuli, akinong'ona sala zake na kuhesabu.

"Huo umeinama, bwana afisa."

"Mama, huu ni wa mia nne."

"Wa mia tatu tisini na tisa. Kaa wako kaangusha mmoja."

Siku ya nne asubuhi alifika sebuleni na ndala miguuni na wavu wa kuazima begani. Akakikuta kiti chake kimekaliwa na mwanamke mwenye buti za tope, hana faili wala nini.

"Mia sita kamili, kama tunavyodai kwa kila bwawa, na imenyooka," mwanamke yule alikuwa akisema. Akagonga mhuri uliofifia kwenye karatasi. "Kibali chako hicho, mama. Sasa waweza kuweka vifaranga vya samaki. Umetii vizuri, tangu tukukataze hukuweka hata samaki mmoja."

"Hata mmoja?" akauliza Bwana Faili.

"Hata mmoja," akasema mama. "Nusu yako ichukue yote, mwanangu. Sina kinyongo."

"Lile povu je?"

"Chura."

Afisa akageuka. "Ndiye aliyekusaidia huyu?"

"Ndiye. Ni mwenzako wa ofisini. Ana karatasi nzuri sana." Mama akaitoa chini ya kitambaa cha meza, akaikunjua taratibu, akampa.

Afisa akautazama mhuri. Ulikuwa wa duara, wa buluu, na wino haukukosa hata herufi. Kisha macho yake yakashuka sakafuni, kwenye ndala ya kulia ya Bwana Faili, penye tundu la duara kisiginoni, lililochungulia nyuma ya unyayo, safi kama limekatwa kwa kipimo. Akaishusha karatasi karibu nalo. Vikalingana.

"Keti, mwanangu," akasema mama. "Nikuvutie kiti?"

Bwana Faili akaliweka faili mezani, akavua ndala zote mbili, akazishika mkononi, akatoka pekupeku.