Hoja ya Upande wa Pili

Jumatatu, 4 Mei
Shemeji, mdogo wake mke wangu, anagombea ubunge. Mshauri wake ni mimi. Asubuhi ninafundisha insha ya Kiingereza chuoni, jioni ninaifundisha nchi. Leo amenipa hotuba iliyoandikwa na meneja wa kampeni, kijana wa makelele wanayemwita Kipaza. Nimeisahihisha kwa wino mwekundu. Alama thelathini na nane. Shemeji amenuna. Kipaza ameuliza kama wapiga kura nao watasahihishwa. Nimelitafakari swali hilo. Si baya.

Jumanne, 5 Mei
Kasoro nimeigundua: hotuba ina upande mmoja. Insha nzuri huieleza kwanza hoja ya mpinzani kwa nguvu zote, ndipo ikaivunja. Je, umati ukipewa heshima hiyo, utafanya nini? Nina hamu kubwa ya kujua. Hakuna mwanasiasa aliyewahi kujaribu. Kipaza amesema basi Prof ajiulize kwa nini. Mke wangu amesema mdogo wake akianguka kwa ajili yangu, nitajipikia mpaka uchaguzi ujao.

Alhamisi, 7 Mei
Nimehudhuria mkutano wa mpinzani, mama mfamasia. Hoja zake ni nzuri, mpangilio hana. Anaanza na maji, anarukia barabara, anarudi kwenye maji. Imeniuma. Nimekwenda nyumbani nikampangia. Kurasa nne za hoja zake, zimenyooka kama rula. Kurasa nne nyingine za kuzivunja.

Jumamosi, 9 Mei
Uwanja umejaa. Shemeji amesoma kurasa nne za kwanza bila kukwama. Mabomba ya maji ya mfamasia yamepanda mlima hatua kwa hatua mpaka kila mtu akayaona. Kimya. Darasa langu halijawahi kunyamaza hivyo. Kisha makofi, na mzee mmoja wa mbele akauliza: sasa baba, si tumpe huyo mama? Watu wakaona shauri limekwisha, wakaondoka. Ukurasa wa tano umesomewa viti. Kipaza amewasha muziki akiwa ameshika kichwa.

Shemeji amekataa kunipakia garini. Vizuri. Nimetembea, nikawauliza wapita njia ni aya ipi iliyowagusa. Wote wametaja ukurasa wa pili. Ajabu yenye kufaa utafiti.

Jumapili, 10 Mei
Nimefukuzwa kazi. Shemeji amemtuma dada yake, naye ameufikisha ujumbe na kuongeza wa kwake. Mchana mfamasia amepiga simu. Amesema tangu jana watu wanamsimulia sera zake vizuri kuliko anavyozijua mwenyewe, na ameniomba niwe mshauri wake. Nimekubali. Mke wangu ameniita msaliti huku akilia, akaniuliza nitamtazama vipi mdogo wake.

Nimemjibu kwamba kanuni haina ukoo. Nimeketi papo hapo kuandika hotuba ya mfamasia. Kosa la jana ninalijua: upande wa pili niliupunja. Safari hii nimeanza na kurasa sita za sifa za shemeji, moja baada ya nyingine, kwa nguvu zote. Mke wangu amesoma juu ya bega langu. Ameacha kulia. Amevuta kiti, akaniomba kwa upole niongeze ukurasa wa saba.

Hatimaye kuna mtu humu ndani anayeielewa insha.