Barabara Ndani ya Flashi

Mtu ninayemsimulia nitamwita Obeid. Jina lake halisi nalijua vizuri sana, ila kulitaja kutanikosesha usingizi.

Barabara mpya ya Faza ilipokuja kupimwa, Obeid aliajiriwa kushika fimbo. Mpima ardhi, Mourine, mwanamke wa bara asiye na maneno mengi, alimsimamisha juani na fimbo yenye kioo ili mashine ya miguu mitatu imwone. Kazi hiyo haihitaji akili, na Obeid aliifanya vizuri.

Asubuhi moja Mourine alifungua mchoro wa barabara kwenye kompyuta, akautoa kama orodha ya nambari, akaitia kwenye flashi, akaichomeka flashi kwenye mashine. Obeid akachungulia skrini. Barabara hiyo, mstari mwekundu, inakata katikati ya minazi ya Bwana Taha!

Akili yake ikawaka. Ikiwa barabara nzima inaenea ndani ya kitu kidogo kama kidole gumba, nani hapa Faza atabisha akiambiwa kwamba imesogezwa humo humo? Akaaga kwamba anakwenda kunywa maji, akaenda kwa Taha.

"Bwana Taha, nina ufunguo wa ndia, hii barabara mpya."

"Ndia ina ufunguo?"

"Siku hizi yakaa ndani ya flashi. Nikigeuza nambari mbili tatu, itapita kwenye minazi yako. Utalipwa fidia, mnazi kwa mnazi."

Taha akamtazama kwa upole, upole ambao ungemtia wasiwasi mtu mwenye busara.

"Wataka nini?"

"Kiwanja."

Kwetu, mume kuhamia nyumbani kwa mkewe si aibu. Aibu ni kukaa miaka kumi bila kununua hata bawaba ya mlango, na mama mkwe, Bi Barka, alikuwa akimkumbusha jambo hilo kila akipita. Obeid alikitaka kiwanja hicho mpaka kikamuuma kifuani.

Taha akampeleka upande wa kaskazini: mahali tambarare, upepo mwanana.

"Lakini hapa pashinda kazi yako kwa thamani," akasema. "Ongeza pikipiki, tuwe sawa."

Pikipiki ndiyo iliyokuwa ikimlisha kabla ya fimbo. Obeid akatoa ufunguo kwa tabasamu la mwizi anayemwonea huruma anayemwibia. Karatasi ikaandikwa, jirani akashuhudia.

Siku tatu nzima Obeid alipima vyumba kwa hatua. Israa, mkewe, akachagua mahali pa mlango. Bi Barka, aliposikia kwamba mkwe wake anahama, akafukiza udi.

Siku ya kupiga vigingi ikafika.

"Sogea kushoto," Mourine akaita. "Endelea. Endelea tu."

Minazi ikaachwa nyuma.

"Madamu, si barabara yapita kule kwenye minazi?"

"Zi, hapana, hiyo ilikuwa makosa yangu. Nilipohamisha data nilichanganya safu, mashine ikasoma nambari za kaskazini kama za mashariki. Barabara ikageuka. Tungeifuata tungeishia baharini. Nilirekebisha dakika hiyo hiyo, lakini wewe ulikuwa umeenda kunywa maji."

Obeid akaendelea kusogea kushoto.

"Hapo! Piga kigingi."

Palikuwa mlangoni pa Israa. Nikapiga. Samahani, Obeid akapiga.

"Na mwenye hapa," akauliza kwa sauti nyembamba, "atalipwa fidia?"

"Alishalipwa. Bwana Taha alisaini mwaka jana. Si ramani imebandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya chifu?"

Ukuta huo Obeid aliujua. Ndiko alikokuwa akiegesha pikipiki yake kila siku, akiipa ramani mgongo huku akiwaeleza watu mambo ya dunia.

Pikipiki yenyewe ikatokea, imeoshwa, inang'aa kuliko alivyowahi kuiona. Juu yake, Taha.

"Bwana Taha!" Obeid akalia, na ni kweli alilia. "Ndia yapita nyumbani kwangu!"

Taha akazima injini. Akakitazama kigingi, akamtazama Obeid.

"Si wewe mwenye ufunguo wa ndia?" akasema. "Isogeze."

Akawasha, akaenda zake. Nami nikabaki nimesimama mlangoni pangu na fimbo mkononi, kwa sababu Mourine hakuwa amesema niishushe.