Samli kwenye Ekseli ya Bwana Mkubwa

Wenzangu wa stesheni ya Dodoma, leo nimeaibika mbele ya gari moshi zima. Naandika hapa Gulwe. Nimemwomba mtu wa gari la mizigo awafikishie barua hii kabla umbeya haujafika. (Utafika tu. Umbeya haukati tiketi.)

Asubuhi Bwana Kidevu, yule msimamizi wetu Mdachi, alinipa kopo moja la mafuta, akafunga stoo kwa kufuli, ufunguo mfukoni.

"Behewa la Bwana Mkubwa," akasema, yaani yule mkuu wa serikali ya Kijerumani anayeshuka pwani. "Vikasha vinne. Kikichemka hata kimoja, hamsa ishirini."

Ishirini na tano za kiboko! Mlimwona Hamisi alipomwaga mafuta juzijuzi. Siku nne alikula kasimama.

Nikaanza kazi kwa adabu zote. Mnakijua kikasha: kile kisanduku cha chuma kwenye ncha ya ekseli, ndani kuna sufu iliyoloa mafuta, ekseli inazunguka juu yake na kulainika. Mafuta yakiisha chuma kinasaga chuma, kinawaka, ekseli inakatika na behewa linalala ubavu. Nikajaza cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nikawa naelekea cha nne huku nikipiga mluzi. (Mluzi! Siku kama ile!) Mguu ukanasa kwenye reli. Kopo likaruka, mimi nikafuata. Nilipoinua uso, mchanga ulikuwa umeshakunywa mafuta yote, hata tone la kupaka kidole halikubaki.

Yarabi!

Ningemwambia Bwana Kidevu? Nyinyi mngemwambia? Basi msijifanye mashujaa. Nikatupa macho huku na huku, nikamwona yule mama wa Kigogo anayekaa nje ya uzio na vibuyu vyake vya samli. Nikamkimbilia.

"Mama, nipe kibuyu kimoja, upesi!"

"Mwanangu, mbona unahema? Kuna harusi?"

"Kuna msiba, mama. Wangu."

Nikamvulia kofia yangu mpya iliyoshonwa kwa mkono, akanipa kibuyu. Nikarudi kwa kuinama, nikamimina samli kwenye kikasha cha nne, nikafunga kifuniko, nikapangusa. Kiling'aa kuliko vyote. Samli nayo ni mafuta, nikajiambia. Kwani kuna mtu amewahi kukatazwa? Behewa liende zake pwani, likichemka huko wapo wapaka mafuta wa huko.

Bwana Kidevu akapita akikagua. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Halafu akanitazama.

"Wewe panda. Unakwenda na sisi. Kila kituo, shika vikasha vyote."

Nikapanda.

Ihumwa nikashuka, nikagusa kwa nyuma ya kiganja. Vitatu baridi. Cha nne vuguvugu. Nikasema, "Vyema, Bwana." Kikombo nikagusa tena, nikauondoa mkono upesi. Nikasema, "Vyema, Bwana," ila sauti ilitoka ya mtoto mchanga. Kuanzia hapo nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya behewa, nimeshika chuma kwa mikono miwili, nasoma kila dua niliyofundishwa na nyingine nazitunga mwenyewe. Nilikuwa naiona ekseli ikikatika. Nilikuwa nawaona watu wa mabehewa ya nyuma, wanawake na vifurushi vyao, wakirundikana juu yetu. Niliogopa, wenzangu. Sijawahi kuogopa vile.

Tulipopita Igandu harufu ikaanza.

Si harufu ya moto. Ni harufu ya jikoni! Samli inaungua, tamu kabisa, inapeperuka dirisha kwa dirisha. Nikasikia watu nyuma wakisema, "Kuna wenzetu wanakula pilau!" Mtoto mmoja akaanza kulia njaa.

Msagali gari likasimama. Moshi mwembamba ulikuwa unapanda upande wa kikasha changu. Na kikasha changu, kwa bahati yangu mbaya, kipo chini kabisa ya jiko dogo la behewa la Bwana Mkubwa. Bwana Mkubwa akatoka na leso puani, mwekundu usoni.

"Mpishi anataka kuniunguzia behewa!"

Mpishi ni Mzee Feruzi, mvi kichwa kizima. Asubuhi nilimpa shikamoo naye akanipa kipande cha mkate. Askari akamshusha kwa kumvuta mkono.

"Bwana, sijawasha hata jiko," mzee akasema. "Nimekata vitunguu tu."

"Mwongo!" Bwana Mkubwa akafoka. "Harufu hii ya nini? Hamsa ishirini!"

Askari akachomoa kiboko. Mzee Feruzi hakubishana tena. Akavua shati, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya jiwe. Mgongo wake ulikuwa na mbavu za kuhesabika. Mimi nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Nyamaza, nikajiambia. Nyamaza, kesho uko nyumbani. Kisha nikasikia mtu anapiga kelele, "Ni mimi! Ni samli! Nimetia samli kwenye ekseli!" Nikageuka nimwone huyo mwendawazimu. Kumbe mimi.

Kila dirisha lilikuwa na vichwa vitano.

"Unamwokoa rafiki yako," Bwana Kidevu akasema, kidevu kinamcheza. "Hakuna mtu mjinga hivyo."

"Nipo, Bwana."

"Onyesha."

Nikafungua kifuniko. Ndani kulikuwa kweusi, kunachemka. Nikasema, harufu ndiyo hii. Akasema harufu imejaa kila mahali, si ushahidi. Akaninyooshea kidole.

"Kama ni samli, kula."

Wenzangu, nilikula. Nilichovya vidole viwili kwenye kikasha cha gari moshi, nikapuliza, nikalamba, mbele ya Wadachi wawili, askari, na abiria wote wa reli nzima ya Mittelland! Ilikuwa na ladha ya misumari. Nikameza, nikasema, "Samli, Bwana." Mama mmoja dirishani akauliza kwa sauti, "Chumvi imekolea?"

Stesheni nzima ikaangua kicheko. Bwana Mkubwa naye akacheka mpaka akashika ukuta wa behewa. Dereva akaleta mafuta ya injini, nikatoa ile sufu iliyoungua, nikaweka mpya, na watu wakinishangilia kila nikijipangusa mdomo. Mzee Feruzi akavaa shati lake, akanijia.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Ila siku nyingine useme kabla sijavua."

Mpaka tumefika Gulwe sijaweza kumtazama usoni.

Hakuna aliyenipiga. Hakuna aliyesema nimesamehewa vilevile. Bwana Kidevu ameniambia tu nirudi naye Dodoma kesho, na amelisema hilo kwa upole, jambo lililonitia hofu zaidi.

Kwa hiyo nawaomba msinicheke. Bwana Mkubwa alicheka sana, na hadi sasa nimekaa hapa sijui kicheko kile kilikuwa cha kunisamehe au cha kunisubiri na kiboko.