Uzinduzi wa Wodi ya Mifupa na Viungo vya Watoto

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati, Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, Mheshimiwa Mwakilishi wa Makamu ambaye yuko njiani, ndugu madaktari, ndugu wauguzi, kina mama mliokaa juani na watoto wenu, na mimi mwenyewe, itifaki imezingatiwa! (Makofi.)

Leo nina furaha hadi viatu vinanibana, kwa sababu tunazindua Wodi ya Kimkakati ya Maambukizi ya Mifupa na Viungo vya Watoto, ambayo, kwa mujibu wa data zilizochakatwa kidijitali na wadau wa ngazi zote, haijapoteza mgonjwa hata mmoja tangu nilipoibuni bafuni nikijisugua mgongo. (Vigelegele, meza kuu.) Zamani mtoto akiamka na homa, goti limevimba, hataki kukanyaga, mama anaambiwa, "Kaanguka huyo, mkande tu." Enzi hizo kwisha! Sasa tutapima damu, tutachoma sindano gotini, tutavuta majimaji yaende maabara, usaha utaoshwa na dawa itaanza siku hiyohiyo, maana usaha ukilala kwenye kiungo unakitafuna, na mtoto atachechemea maisha yake yote. Hayo kaniandikia daktari wetu wa upasuaji, huyu hapa mstari wa mbele, ambaye nimeagiza asiinuke tangu asubuhi ili apige makofi. Piga, daktari! (Daktari anapiga moja, anatazama saa.)

Naona mama amesimama. Sema, mama, ofisi yangu ni sikivu.

(Mama: "Mheshimiwa, binti yangu hakanyagi tangu juzi. Anaungua na homa. Kila dirisha naambiwa daktari yuko kwenye sherehe.")

Mmesikia? Ushahidi hai huo! (Makofi.) Mleteni binti apigwe picha, goti lielekee kamera. Lo, limevimba asilimia mia moja! Hongera, mama, mwanao ndiye mgonjwa namba moja wa wodi hii. Lakini subiri nikate utepe kwanza. Usisukume mlango, mama. Mama! Taratibu, huko nyuma ni ukuta! (Kicheko kirefu.)

Mnacheka nini? Mlango ni awamu ya kwanza. Chumba ni awamu ya tatu.

Daktari, nimesema keti! Unambeba wapi huyo mtoto?

(Daktari: "Chumba cha upasuaji, kile cha zamani. Tukichelewa tena, goti hili ndiyo basi.")

Na wauguzi pia? Kina mama, mnakwenda wapi? Nimebakiza kurasa kumi na nne! (Viti vinaburutwa. Watu wanamshangilia daktari.)

Asanteni kwa shangwe hizo, nazipokea kwa niaba yangu mwenyewe. Mifupa imara! ("Taifa imara!" Sauti mbili.) Watoto wetu! ("Fahari yetu!" Sauti moja.) Na kwa namna ya pekee namshukuru fundi seremala aliyetuazima mlango huu. Fundi, najua mteja wako anausubiri, lakini weka nyundo chini kwanza, nimalize kupigwa picha.