Wajomba wa Tamthilia Zenu na Posa ya Mpwa Wangu Prisca

Matombo, Morogoro

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Vipindi,

Yah.: KUCHAFULIWA KWA WAJOMBA

Nakuandikia kwa heshima na kwa haraka, kwa sababu Jumamosi ijayo tunapokea wageni wa posa ya mpwa wangu Prisca, na hadi sasa haijulikani kama nitaruhusiwa kuingia sebuleni.

Naomba ieleweke kwamba mimi si mtazamaji. Ni mwalimu mstaafu. Huketi mbele ya televisheni ya dada yangu Modesta nikisubiri taarifa ya habari ya saa mbili, na kwa kuwa hufika saa kumi na moja ili nisichelewe, yapo mambo machache ambayo macho yangu yameyakuta njiani.

Sina ugomvi na kasoro ndogo ndogo. Katika filamu zenu za mapigano, mtu hupigwa risasi ya kifua kisha hutoa hotuba ndefu kuliko ya mgeni rasmi. Nimenyamaza. Katika sinema zetu wenyewe, gari hupiga honi, geti hufunguliwa, gari huingia, huegeshwa, mlango hufungwa, na kufikia hapo sinema imefika nusu. Nimesamehe, kwa sababu geti lenyewe ni zuri. Wagonjwa wenu wote hufungwa bandeji kichwani, hata anayeumwa tumbo. Matajiri wenu huketi kwenye meza iliyojaa mayai, mmoja hutamka neno la kuudhi, wote huinuka wakaondoka, na hakuna anayerudi kula. Sisi wa Uluguru hatuachi yai kwa sababu ya neno. Hata yule msimulizi wa wanyama, wiki moja humlilia swala na wiki inayofuata humlilia simba aliyemkosa swala. Hana msimamo, lakini nimemvumilia.

Suala la wajomba siwezi kulivumilia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hamna mjomba hata mmoja aliye mwema. Katika tamthilia ya nyumba yenye ngazi mbili, mjomba amepora shamba la yatima. Katika ile ya hospitali, mjomba amebadilisha watoto wachanga. Katika ile ya wafalme wenye kofia za manyoya, ambayo niliitumainia kwa sababu mavazi yake yana heshima, mjomba amemtilia mpwa wake sumu, kisha akalia msibani kuliko mama wa marehemu. Nimetafuta mjomba mmoja anayekuja na mkungu wa ndizi, akasalimia, akarudi kwake. Sijamwona.

2. Kwetu Uluguruni mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na siku ya posa mwenye neno ni mjomba. Ndimi niliyewasemea dada zake Prisca, na ndoa zao zimesimama. Sasa shemeji yangu Yeremia, baba yake Prisca, mtu mpole aliyetoka Njombe kuja kufanya kazi katika kiwanda cha sukari, amejifunza kwenu kwamba baba ndiye hukataza. Juzi alisimama ghafla katikati ya sebule akanguruma: "Binti yangu hataolewa na mtu huyo maadamu ninaishi!"

Modesta akamuuliza, "Baba Prisca, si wewe uliyemleta huyo Evance hapa nyumbani?"

"Najua," akajibu, akaketi. "Nilikuwa najaribu tu."

3. Kwa desturi yetu, mjomba huonja togwa kwanza mbele ya wageni, ili wajue kwamba kinywaji ni salama. Hakuna aliyewahi kuitilia shaka desturi hiyo mpaka jirani yetu Mwanvita, ambaye huja kutazama na bakuli lake la karanga, alipotoa maoni. "Kuonja si kitu, dada," alimwambia Modesta. "Yule mjomba wa wafalme si alionja? Kumbe alishakunywa dawa ya kuzuia sumu kwake!" Tangu hapo kila nikifika naulizwa nimekunywa nini kabla ya kutoka nyumbani. Nikisema uji, wanatazamana.

4. Hili ndilo linaloniuma. Prisca nilimbeba mgongoni kuvuka mto alipougua surua, mvua ikinyesha, hadi zahanati ya misheni. Siku hizi ananiamkia akiwa mlangoni. Nilipomuuliza kulikoni, alisema, "Mjomba, mimi nakuamini kabisa. Ila chai yangu nitaikoroga mwenyewe."

5. Kikao cha familia kimeamua kwamba Jumamosi atasema Yeremia, nami "nipumzike" kwenye kiti karibu na jiko. Mwanvita akakumbusha kwamba jikoni ndiko viliko vinywaji. Kiti changu kikahamishiwa nje, karibu na banda la kuku. Hata hivyo, kuku wenyewe ndio watakaoliwa na wageni, kwa hiyo suala la kiti bado linajadiliwa.

Kwa hayo, naomba yafuatayo. Mjomba wa wafalme atubu kabla ya Ijumaa, hadharani, akipiga magoti. Ikiwa sehemu hizo zimekwisha kurekodiwa, basi kabla ya kila tamthilia liwekwe tangazo kwamba wajomba wa Matombo na vitongoji vyake hawahusiki na matendo haya. Aidha, mashangazi wapewe zamu ya ubaya. Prisca anaye shangazi mmoja anayefaa bila mazoezi. Yote yakishindikana, zimeni mitambo ya mkoa mzima kuanzia Alhamisi. Kisingizio mnacho: mvua zinanyesha.

Msalimie mtangazaji wa habari, ambaye ndiye pekee ninayemfahamu hapo kwenu. Wasalimie mafundi mitambo, walinzi wa geti na wote wanaokula mayai yanayoachwa mezani.

Nabaki mjomba mwenye mikono safi,

Mwl. Kasimiri (mstaafu)

Nyongeza: Barua hii haikuondoka, kwa sababu barabara ilikatika kwa mvua. Wakati huohuo posa imefanyika. Wageni walitoka Kisaki, ambako kumbe nako mnaonekana vizuri. Walipokaribishwa waligoma kuketi. "Mjomba wa binti yuko wapi?" aliuliza msemaji wao. "Hatuketi mpaka tujue aliko." Ikabidi niletwe kutoka bandani na kupewa kiti changu cha haki.

Nilikuwa bado na hasira. Nilichomoa unyoya kwenye mkono wa koti, nikautazama, nikauweka mezani. Msemaji wao akasema masharti yetu yote wameyakubali. Hatukuwa tumeyataja. Yeremia alimeza mngurumo wake. Prisca alinitilia chai, akaikoroga, akanipa kwa mikono miwili, na usoni alikuwa na furaha ambayo sikuiona kwake tangu mwaka uanze.

Kwa hiyo naomba maombi yote ya hapo juu yafutwe. Harusi ni baada ya Pasaka, na mazungumzo na upande wao hayajaisha. Tafadhali, yule mjomba wa wafalme asitubu, asiugue, na wala asife kabla ya hapo.