Koti la Mashine ya Upepo

Jumamosi, 5 Juni 1915

Leo nimefurahi mpaka nimejichoma ulimi kwa uji. Mashine ya simu ya upepo, inayopeleka habari bila waya, imeungua! Ile ya kule kilimani, yenye mlingoti unaopita michikichi yote ya Rumonge kwa urefu. Mzungu wake, ambaye jina lake halitamkiki na sisi twamwita Bwana Upepo, ameshuka mjini akiwa na unyusi mmoja. Anasema koti la mashine limeteketea. Vita vimefunga njia, koti jingine haliji kutoka Ulaya. Anatafuta mtu wa kulitengeneza hapahapa.

Koti! Na mimi ni nani? Mimi Asmani, fundi cherehani, niliyesoma shule ya serikali Usumbura mpaka mwalimu akaniomba nipumzike. Tangu vita vianze hakuna nguo ya merikani madukani, cherehani yangu imelala. Mzee Saif, mkubwa wa mji wetu, ameamriwa atoe vijana wa kubeba unga wa askari mpaka Kivu. Wa safari iliyopita waliondoka wengi, wakarudi wachache, na waliorudi hawapendi kuulizwa. Safari hii nami nimo. Juzi nililia kidogo, chumbani, mlango umefungwa.

Sasa Bwana Upepo ametangaza kwamba atakayeweza koti lile atapewa kibati cha shaba chenye picha ya tai. Mwenye kibati hicho shingoni habebeshwi mzigo na mtu yeyote. Kibati ni kimoja tu. Mzee Saif aliuliza nani anaweza. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kuuliza. Bakari, fundi mwenzangu wa ng'ambo ya njia, akanyoosha yote miwili. Mtu wa pupa sana yule.

Jumapili, 6 Juni

Nimepanda kilimani na futi yangu kwenda kumpima mwenye koti. Kumbe mwenye koti hana mabega. Ni kinu kidogo cha waya mnene uliozungushwa, na juu yake kinavalishwa kinu kikubwa cha waya mwembamba. Bwana Upepo alieleza kwamba umeme wa ndani ni mpole, ila ule wa nje ni mkali, jamaa ya radi. Ukikutana huu na ule, ni cheche moja na simu kwisha. Koti hukaa katikati kuamua ugomvi.

Tabaka moja halitoshi. Huwekwa karatasi, nguo, nta, tena karatasi, nguo, nta, mpaka umeme uchoke kutafuta njia. Akasisitiza mambo mawili: pasiwe na tone la maji, pasiwe na pengo la hewa. Nilisema nimeelewa. Bakari akasema yeye ameelewa zaidi. Tulipewa kila mtu bunda la magazeti ya kwao Mzungu, basi. Nguo tujitafutie.

Nimepata wazo njiani nikiteremka. Nguo ya gome la mti, ile ya watu wa milimani! Nyembamba, kavu, inanyonya nta vizuri. Nilicheka peke yangu mpaka mbuzi wa watu wakanikimbia.

Jumanne, 8 Juni

Dada yangu Biasha ndiye muuza chapati maarufu wa soko letu. Nilihitaji jiko lake, sufuria yake na mikono yake. Aliuliza yeye atapata nini. Nikasema heshima. Akaniambia heshima nikaikaange, nione kama inaiva. Basi nikamwambia habari ya Kivu, kwamba jina langu limo. Akainuka akawasha moto.

Tumechemsha vipande vya gome ndani ya nta tangu asubuhi. Povu lilipanda, likapanda, kisha likatulia. Biasha alisema povu likiisha ndiyo maji yameisha, kama kwenye mafuta ya maandazi. Halafu akatandaza tabaka la gome, la karatasi, la gome, akisukuma kila moja kwa kile kifimbo chake cha chapati mpaka hewa yote ikatoka pembeni. Mimi nilisimamia kazi. Niliposogea kusimamia kwa karibu alisema, "Weye Asmani, toa mukono. Iko moto." Nilikuwa nimekwisha kuugundua huo moto.

Jumatano, 9 Juni

Siku kubwa! Leo vipande vya majaribio. Bwana Upepo ana pembe mbili za shaba zinazorushiana cheche, na kipande cha mtu huwekwa katikati.

Alianza Bakari. Ngozi ya mbuzi, tabaka kwa tabaka, imepakwa mawese. Ngozi yenyewe mbichi bado. Cheche ilipita katikati kwa mlio wa kukaanga, harufu ya mshikaki ikajaa chumba, na mbwa wa askari akaja kukaa mlangoni.

Kisha kipande changu. Cheche ikakataa kupita. Bwana Upepo akaongeza nguvu, ikakataa tena. Akaongeza mpaka mashine ikanguruma na mbwa akaondoka. Hamna! Mzungu alinipa mkono mbele ya watu. Akasema nishone koti zima namna hiihii, nisiongeze kitu, nisipunguze kitu, na Jumatatu mji mzima uje kutazama. Bakari ameandikwa kwenye msafara. Aliteremka kilima na ngozi yake kwapani. Nilimhurumia mpaka tulipofika sokoni.

Alhamisi, 10 Juni

Biasha ameitwa Kabonga, shangazi anaumwa. Atarudi Jumanne. Vipande vyote ameviacha vimechemshwa, vimekauka, vimepangwa. Kazi iliyobaki ni kuvikunja juu ya gogo na kusukuma kwa kifimbo. Ameniapisha nisifanye jingine lolote. Nimeapa.

Lakini nimekaa nacho kipande mapajani nikakinusa. Kinanuka nta na chapati! Hili ni koti la serikali. Nyumbani kwetu hata kanzu ya kwenda kununua chumvi haitoki bila kufukizwa udi. Bibi harusi hufukizwa nguo, mgeni hufukizwa, hata maiti hupewa harufu yake. Mimi Asmani nivalishe mashine ya Kaisari wa Wajerumani koti linalonuka jikoni? Watu watasema nini juu ya mama aliyenilea?

Nilikwenda kwa Bi Sheikha, mke wa Mzee Saif. Udi umeadimika tangu vita, ila yeye ameficha wa harusi ya binti yake. Nimemwahidi kwamba mashine ikipona, salamu za kwanza zitakwenda kwa kaka yake Ujiji. Akanipa kibweta chote cha udi. Njiani nimeahidi salamu kwa watu wengine wengi. Sijui kama Ujiji wana mashine. Watakuwa nayo tu.

Ijumaa, 11 Juni

Baada ya sala nimefukiza. Tabaka moja moja! Nimefunika tenga juu ya chetezo, nikatandika kipande juu ya tenga, nikaacha moshi ukifanyie kazi mpaka kikawa na rangi nzuri ya kahawa nzito. Udi ulipoanza kupungua nikaongeza sukari na vumbi la mkaa ili moshi uendelee kuwa mnene. Mwisho nikarashia marashi. Bwana Upepo amekataza maji. Marashi si maji, yanauzwa kwa kichupa.

Bakari alipita, akasimama, akauliza ninafanya nini. Nilimweleza siri yote tangu mwanzo hadi mwisho, ili imuume. Hakuonekana kuumwa. Aliniuliza tu kama Mzungu anajua. Nikamjibu kwamba mambo mazuri humjia mtu ghafla.

Jumatatu, 14 Juni

Nitaandika yote.

Mji mzima ulipanda kilimani. Nilivaa kanzu nyeupe. Koti lilipotoka kwenye kitambaa, harufu ilitembea katikati ya watu na Bi Sheikha akapiga kigelegele. Kinamama wakamfuata. Bwana Upepo alinusa, akapiga chafya, akauliza kitu kwa Kijerumani kikamezwa na vigelegele. Meli ilikuwa ziwani inasubiri sauti ya simu, hakuwa na muda. Akakivalisha kinu kidogo koti, akaliteremshia kinu kikubwa, akawasha.

Kwanza mlio wa nyuki. Kisha mwanga wa buluu ukaingia upande mmoja wa koti, ukakata tabaka moja, ukageuka, ukakata la pili, bila haraka, kama mtu anayekwenda kwao. Kisha kishindo! Moshi mtamu ukajaa kilima chote. Watu walidhani ndiyo sherehe yenyewe, wakapiga makofi, vigelegele vikaanza upya, na mzee mmoja akatoa dua ya ndoa. Bwana Upepo alitoka ndani akiwa hana unyusi hata mmoja.

Alilipasua koti kwa kisu. Ndani jeusi, tabaka baada ya tabaka. Bwana Upepo akafoka kwa lugha yake, Mzee Saif akatafsiri: masizi ni mkaa, na umeme hutembea juu ya mkaa kama mtu juu ya njia iliyofagiliwa. Kwamba kati ya kila ukuta na ukuta nimeuchongea umeme barabara, na nikaimwagia maji juu yake. Nilijibu kwa adabu kwamba yeye alikataza maji na hewa. Moshi hakuutaja. Nina mashahidi. Mzee Saif akaniambia nikafunge mkeka wangu, msafara unaondoka keshokutwa.

Jumanne, 15 Juni

Nimefikiri usiku kucha na nimepata sababu. Udi ule ulikuwa wa zamani.

Naogopa Kivu. Naiandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia. Naogopa baridi ya kule, na mzigo, na wale waliorudi wasiotaka kuulizwa.

Biasha amerudi kutoka Kabonga. Alisimama mlangoni, akavuta pumzi mara moja, akajua yote. Hakunigombeza, na hapo ndipo nilipoingiwa na hofu ya kweli. Alikusanya mabaki ya gome, akachukua magazeti ya Bakari ambayo hayakutumika, akaenda zake jikoni. Nilimuuliza anapika nini. Akaniambia nilale, nina safari.

Alhamisi, 17 Juni. Magara

Unga ni mzito kuliko unavyoonekana sokoni. Siku mbili za njia ya ufukweni na bega langu la kulia limevimba, la kushoto linasubiri zamu. Bakari yuko mbele yangu katika mstari, hageuki. Kambi iko karibu na wavuvi wa dagaa. Mtu wa milimani aliyelala jirani yangu ameniamkia "amahoro", yaani amani, na kunipa nusu ya kiazi chake. Nimelia tena, safari hii bila mlango.

Ijumaa, 18 Juni. Magara

Sijui nianzie wapi kwa furaha! Msafara umepumzika leo. Asubuhi umefika mtumbwi wa Athumani, mvuvi wa kwetu, na Athumani amenitafuta kambi nzima mkono umefumbwa. Ndani ya mkono, kibati! Cha shaba! Chenye tai!

Ni Biasha. Alitengeneza koti jingine, nta na gome na karatasi basi, akalibeba mwenyewe mpaka kilimani. Bwana Upepo alilinusa kwanza, kisha akalitia mashineni, akawasha, na meli ikajibu. Alipotaka kumpa kibati, Biasha alisema yeye hahitaji, apelekewe mdogo wake. Athumani ameleta na ujumbe wa Biasha: niingie mtumbwini leo hii, nisizungumze na mtu, nisimpe mtu kitu, nisiwe na wazo lolote mpaka nifike nyumbani. Nilikivaa hapohapo. Nilimbusu Athumani. Askari aliyenitukana jana aliniita bwana.

Nikawa naelekea mtumbwini. Njiani nikamkuta nyapara wa msafara anawapangusa wapagazi damu mabegani. Sasa, mimi ni fundi. Nikamwonyesha kwa mikono jinsi tabaka za gome na nta zinavyoweza kushonwa ziwe mito ya mabega. Ameruka kwa furaha! Anasema nikiweza nitakuwa fundi wa msafara wote, kwenda na kurudi. Fundi wa msafara! Kuna mabega mangapi mpaka Kivu? Nimeanza kuyapima leoleo.

Limebaki jambo moja. Mabega yale yananuka jasho, na mto wa bega hauwezi kutoka mikononi mwangu hivihivi. Udi mpya unapatikana Rumonge tu. Mimi siwezi kwenda, nimeshika futi. Mpagazi naye haruhusiwi kutoka kambini bila kibati. Bakari amejitolea mwenyewe! Nimemsamehe yote. Nimemvua mzigo, nikamvalisha kibati kwa mikono yangu, nikamweleza udi upi na kiasi gani. Aliuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia asiwacheleweshe watu. Athumani alikaa na kafi mkononi, mdomo wazi, mpaka Bakari akamsukuma.

Nyapara anasema tunaondoka kesho alfajiri, kwa hiyo Bakari itabidi atukute Kabezi, kambi inayofuata. Aliondoka mbio hata chakula chake hakukigusa. Nimekila mimi, kisiharibike.